Vigingi vya Laxton

Maneno haya niliyasema ukumbini hapa Nottingham Jumamosi asubuhi, kabla ya safari yetu ya Laxton. Nimeyaandika kwa ajili ya wale waliokosa nafasi kwenye basi, na kwa wale waliopata nafasi wakasinzia.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Ahsanteni kwa kuamka mapema na baridi hii inayouma masikio. Walioandaa safari wameniomba niseme machache kabla hatujaondoka, kwa sababu wanajua kwamba ukifika Laxton bila kuambiwa kitu utaona kanisa, baa, nyumba za matofali mekundu na majani mengi, kisha utauliza, "Ndiyo hiki?" Mimi mwenyewe niliuliza hivyo.

Mara ya kwanza nilikwenda kikazi. Nilikuwa namhudumia mzee mmoja nyumbani kwake, mkulima mstaafu, mtu wa maneno machache sana. Siku moja mwishoni mwa Novemba akaniomba nimpeleke Laxton kwa gari akaone wanavyopigilia. Nikadhani anazungumzia misumari. Tukaegesha kando ya njia ya matope, nikamfunika blanketi magotini, tukasubiri. Baadaye likaja trekta likivuta tela, na juu ya tela watu wamejipanga kama wanakwenda mnadani, makoti mazito, buti za mpira, wengine wazee, wengine rika la wanangu. Wakashuka. Mmoja akasimama mwisho wa shamba, akatazama kulia, akatazama kushoto, akapima kwa hatua. Mwingine akachomeka kigingi cha mti, wa tatu akakigonga kwa nyundo kubwa: pa, pa, pa. Wakasemezana, mmoja akacheka, wakapanda tela, wakasogea kidogo, wakashuka tena. Mzee wangu alikuwa anatabasamu peke yake. Nikamuuliza wanafanya nini. Akasema wanaangalia nani amekula njia.

Hapo nikakaa vizuri kitini. Kula njia, kula mpaka, haya ni maneno niliyokua nayo. Nani humu ndani ambaye ukoo wao haujawahi kuwa na kesi ya mpaka? Babu yangu na jirani yake hawakusalimiana miaka kumi na moja kwa sababu ya mstari wa minyaa. Nikaona kumbe na hawa wenzetu wana lao, ila wao wamelipangia siku, wamelipangia trekta, na wamelipangia chakula cha mchana.

Niwaeleze basi walikuwa wanapima nini. Laxton iko kaunti hii hii ya Nottinghamshire, kati ya Ollerton na Tuxford. Ni kijiji cha watu mia mbili na kitu. Kina mashamba makubwa matatu: West Field, Mill Field na South Field. Mashamba haya yako wazi, maana yake ndani hamna ua, hamna michongoma, hamna waya. Unaweza kutazama mpaka macho yachoke. Lakini shamba lile moja unaloliona si la mkulima mmoja. Limegawanywa ngwe, ndefu na nyembamba, na kila mkulima ana zake zimetawanyika: moja huku, nyingine kule bondeni, nyingine ng'ambo ya kilima, na katikati yake kuna za majirani. Ukitoka kwenye ngwe yako umeshaingia kwa mwenzako bila kuruka hata mfereji.

Kwa nini zitawanyike? Kwa hesabu ya zamani, aliyepata udongo mzuri apate na mbaya, na aliyepata penye maji apate na pakavu. Na kwa nini ziwe ndefu? Kwa sababu ya maksai. Plau la zamani la kukokotwa na maksai wengi lilikuwa tabu kugeuza, basi bora uende mbali ndipo ugeuze. Hata ekari, neno tunalolitumia kila siku kwenye hati zetu za viwanja, kwa asili yake hapa Uingereza ilikuwa eneo ambalo maksai waliweza kulilima kwa siku moja. Tumeirithi ekari, maksai wake hatukuwarithi.

Mashamba yale matatu yanakwenda kwa zamu. Moja linapandwa ngano kabla ya baridi kuingia. La pili linapandwa mazao ya baada ya baridi, shayiri na mengineyo. La tatu linalazwa, lipumzike. Siku hizi linaruhusiwa kuota malisho. Mwaka unaofuata yanabadilishana. Sasa fikirini maana yake kwa mkulima. Huwezi kuamka asubuhi ukasema mimi mwaka huu nataka maharage kwenye ngwe zangu zote. Jirani wa kulia amepanda ngano, wa kushoto ngano, nawe utapanda ngano. Na enzi zile, mavuno yakishatoka, mifugo ya kijiji kizima ilifunguliwa ikale mabua. Mtu mmoja akichelewa kuvuna, ng'ombe wa wote wanamsubiri yeye. Mmoja akifungua ng'ombe wake mapema, amelisha shayiri ya mwenzake. Wanaotoka Kilosa na Mvomero, kule Morogoro kwenye ugomvi wa wakulima na wafugaji, wananielewa kuliko Waingereza wengi wanavyonielewa. Kijijini mtaona hata zizi la mawe na matofali la kufungia mifugo iliyokamatwa ikizurura. Ulikuwa ukilipa kwanza, ndipo unamtoa mnyama wako.

Kati ya ngwe kuna pia vibonde vya majani ambavyo plau halijawahi kuvigusa, kwa kuwa ni vya maji au vya mteremko. Wenyeji wanaviita saiki. Majani yake hukatwa kwa ajili ya mifugo, na kwa sababu havijalimwa miaka yote hiyo, kiangazi vinajaa maua ya porini ambayo kwingine yamekwisha, hata vimewekwa chini ya ulinzi wa sheria. Leo hatutayaona, ni msimu wa baridi. Lakini saiki ndicho kitu ambacho mkulima mwenye trekta kubwa anatamani kukimega. Nusu mita mwaka huu, nusu mita mwaka ujao. Njia za shambani nazo vivyo hivyo. Ndiyo maana ya vile vigingi.

Wale watu wa kwenye tela kwa Kiingereza wanaitwa jury. Mimi nitawaita wazee wa baraza, kama tulivyozoea kwenye mahakama zetu Tanzania, ingawa mmoja siku ile hakuwa hata na ndevu. Ni wakulima wenyewe, wameapishwa. Kila mwaka mwishoni mwa Novemba wanakagua shamba ambalo zamu yake ni ngano. Wanatembea mwisho wa kila ngwe, wanaona jembe limefika wapi, wanapiga vigingi pale linapotakiwa kukoma, na wanaandika aliyevuka. Kisha wanakwenda kula chakula cha mchana kwenye baa ya kijiji, Dovecote Inn, na huko ndiko wanakubaliana nani atozwe.

Kama wiki moja baadaye, mwanzoni mwa Desemba, baraza lenyewe linakaa, hapo hapo kwenye baa. Linaitwa Court Leet. Anakaa msimamizi, majina yanasomwa, wazee wa baraza wa mwaka huo wanatoa walichokiona, faini zinathibitishwa, na wengine wanaapishwa kwa ajili ya shamba la mwaka ujao. Bunge la Uingereza lilipopunguza nguvu za mabaraza haya ya kale mwaka 1977, la Laxton liliachiwa kazi yake ya kusimamia mashamba. Mashamba ya mtindo huu yapo kwingine kidogo, kwa mfano Braunton kule Devon, lakini baraza linalotembea shambani kila mwaka na kutoza mtu, hilo mtalikuta Laxton.

Faini ni pauni chache. Kijana mmoja nilipomsimulia alicheka, akasema mimi ningelipa tu nikaendelea kulima. Nami nikamwambia ajaribu. Ajaribu kukaa kwenye chumba kidogo cha baa, majirani zake wote wapo, halafu jina lake lisomwe na ngwe yake itajwe, na aliyepima kwa hatua amekaa meza ya pili anakunywa supu. Na zaidi ya hapo, aliyekupima mwaka huu, mwaka ujao huenda wewe ndiye unayempima. Ndiyo maana nyundo ile haipigwi kwa chuki. Nimeiona, haipigwi kwa chuki.

Historia ya zamani nitaipitia haraka maana mnayo intaneti. Kitabu cha kuhesabu mali cha mfalme William mwaka 1086 kinakitaja kijiji, na kinasema zamani kilikuwa cha mtu aitwaye Toki, jina la Kiskandinavia, kabla ya kuwa cha Geoffrey Alselin, mmoja wa Wanormani, wavamizi waliotoka Ufaransa na mfalme huyo. Wanormani walijenga ngome. Leo imebaki kilima cha udongo na mahandaki, kaskazini ya kanisa. Baadaye wakaja ukoo wa Everingham, walinzi wa msitu wa Sherwood. Kanisani mtamwona Adam de Everingham wa karne ya 14, sanamu yake imelala na wake zake wawili. Mke wa kwanza wa jiwe, kama yeye. Wa pili amechongwa kwa mti. Akina mama, mtanieleza wenyewe kwenye basi mnaonaje.

Nataka kukaa kidogo kwenye ramani ya 1635. Ukumbini pale kijijini mtaona nakala. Yenyewe iko kwenye maktaba ya Bodleian, Oxford. Aliichora mpimaji aitwaye Mark Pierce, na ni kitu cha ajabu. Kila ngwe imechorwa, zaidi ya 2,000, na jina la mwenye kuilima. Na katikati ya ngwe amechora watu: huyu anashika plau, wale wanavuna, kinu cha upepo kimesimama kwenye Mill Field, na pembeni matajiri wanawinda na mbwa. Ukiiinamia unasahau kwamba ni karatasi ya kodi. Maana ndicho ilichokuwa. Aliyeilipia alitaka kujua anamiliki nini na nani anamlipa nini.

Na aliyeilipia ni Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyenunua kijiji hiki katika miaka ya 1620. Ni mtu huyo huyo aliyegharamia meli iliyopeleka wakoloni wa kwanza wa Kiingereza Barbados mwaka 1627, na safari ile ile ilifikisha Waafrika wachache waliotekwa njiani, wakafanywa watumwa. Tunapoambiwa kwamba vijiji vya Uingereza ni mahali pa amani, mbali na mambo ya dunia, mimi naikumbuka ramani ile. Mkulima wa Laxton aliyechorwa ameinamia plau lake hakujua Barbados iko wapi, lakini bwana mmoja alikuwa na daftari lililowaandika wote wawili, yeye na yule wa Barbados. Courten mwenyewe alikufa mwaka uliofuata ramani, mali zake zikavurugika, kijiji kikaenda kwa ukoo wa Pierrepont, ambao baadaye walikuja kuitwa kwa cheo cha kikabaila cha Earl Manvers.

Sasa swali ambalo mngetakiwa kuwa mmeshaniuliza: kama vijiji vingi vya katikati ya Uingereza vililima hivi, vimekwenda wapi? Vilizungushiwa ua. Kuanzia 1604 hadi 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia mashamba na ardhi za pamoja, jumla ya ekari milioni 6.8 hivi. Ilikuwa hivi: wenye ardhi nyingi wanapeleka ombi bungeni, sheria inapita, wanakuja makamishna na minyororo ya kupimia, ngwe zilizotawanyika zinakusanywa pamoja, kila mwenye haki inayotambulika anapewa kipande chake, anaambiwa apande michongoma kwa gharama yake. Kilimo kilipata tija, sikatai. Lakini mama mwenye ng'ombe mmoja aliyekuwa akimlisha kwenye ardhi ya wote, haki yake iliandikwa wapi? Aliyekuwa akiokota kuni? Mwenye ekari mbili alipewa ekari mbili na bili ya ua, akauza. Ile michongoma mizuri mnayoipiga picha mkiwa kwenye treni, sehemu kubwa ni ya wakati huo. Mimi siku hizi nikiiona nahesabu ng'ombe walioondoka.

Laxton kilibakije? Hapa nitawavunja moyo wale wanaotaka hadithi ya wanakijiji mashujaa. Kilibaki kwa bahati, na kwa matajiri kushindwa kuelewana. Sehemu ya ardhi yake ilikwishazungushiwa ua katika karne ya 18, msidhani Laxton kimekaa kama kilivyokuwa. Ila iliyobaki ilikuwa imegawanyika kati ya makabaila wakubwa wawili, na bila wao kubadilishana ngwe ua haukuwezekana, na kubadilishana hawakuafikiana mpaka karne ya 20 ilipoanza. Kufikia hapo kilimo kilikuwa kimeanguka bei, na nani atamwaga fedha kwenye ua? Walichofanya ni kuunganisha ngwe ndogondogo ziwe pana kidogo, basi. Hapo ndipo wasomi wakaanza kuja na madaftari, wakawaambia wenyeji kwamba walichokiona ni kazi ya kila siku ni kitu adimu Uingereza nzima.

Na hapa nifike kwenye jambo linalonikaa rohoni kila nikienda kule. Wale watu wa kwenye tela, wanaopima kwa hatua na kuapa na kutozana, ardhi si yao. Ni wapangaji. Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuza kwa Wizara ya Kilimo. Mwaka 1981 ikaenda kwa Crown Estate, shirika linalosimamia mali za Taji. Mwaka 2018 Crown Estate wakatangaza wanauza. Miaka miwili hivi kijiji kikawa kinajiuliza kitanunuliwa na nani. Mwaka 2020 kikaenda kwa Thoresby, yaani mali ya ukoo ule ule uliouza mwaka 1952. Kimezunguka kikarudi. Wenyewe wapangaji waliendelea na Novemba zao. Vigingi vilipigwa mwenye ardhi akiwa serikali, vikapigwa akiwa Taji, vikapigwa akiwa ukoo wa kale.

Niliwahi kumuuliza yule mzee wangu kama haoni ni jambo la uchungu, kulinda mpaka wa shamba la mtu mwingine kwa bidii kiasi kile. Alifikiri muda mrefu, nikadhani amelala. Kisha akasema njia ni yao. Ngwe ni ya mwenye ardhi, lakini njia ya kwenda kwenye ngwe wanaipita wao. Sijui kama nimeridhika na jibu hilo. Nimelibeba tu, nawakabidhi nanyi mlitafune njiani.

Haya, dereva ananionyesha saa. Mambo machache ya safari. Ni mwendo wa kama saa moja kufika. Nyumba za wakulima mtaziona barabarani pale pale kijijini, mbavu zake zimeelekea barabara na mabanda nyuma yake, kwa sababu mtu ambaye ngwe zake ziko pande tatu anajenga katikati. Msizunguke kutafuta nyumba mashambani. Tutaanza kanisani, halafu kilima cha ngome, halafu ukumbi wa ramani. Chakula ni Dovecote Inn; wasiotumia pombe wasiwe na wasiwasi, chai ipo na supu ipo. Baraza lenyewe linakaa Alhamisi ijayo, kwa hiyo chumba mtakiona kitupu.

Mchana tutatembea kwenye njia ya shamba la ngano la mwaka huu. Ngano imeshachipua, iko kijani kama nyasi fupi, na mtu asiyeijua ataikanyaga. Tembeeni katikati ya njia, mmoja nyuma ya mwenzake. Vigingi vina siku chache tu tangu vipigwe, kichwa cha mti bado cheupe mahali nyundo iliposhukia. Na mwenye viatu vya kitambaa avibadilishe sasa hivi, kuna buti za mpira za kuazima pale mlangoni, namba kubwa zimebaki nyingi kuliko ndogo.